Saa Tisa ya Wapi? Uchunguzi Kazini na Uandishi wa Taarifa ya Tukio

Ninayoyasema yanawahusu hasa wale wanaofanya kazi wakati wenzao wamelala: walinzi wa maghala na maduka makubwa, mabawabu wa majengo ya ofisi, wasimamizi wa zamu, na kila mtu ambaye siku moja ataambiwa na mkubwa wake, "Kaa hapo uandike kilichotokea." Wengi wenu mnaotusikiliza kutoka nchi za Ghuba, Uingereza na Marekani mmo katika kazi hiyo. Nami niliifanya kwa miaka mingi kabla ya kuiacha, kwa hiyo mtanisamehe nikianza na kisa changu mwenyewe.

Nilikuwa msimamizi wa zamu ya usiku katika ghala moja nje kidogo ya jiji la Muscat, nchini Oman. Asubuhi moja zilikosekana katoni sita za simu za mkononi. Hapakuwa na kufuli lililovunjwa wala dirisha lililoachwa wazi. Mlinzi wa upande wa nyuma, kijana wa Mombasa, hodari na mwaminifu, alikuwa ameandika katika daftari la zamu, kwa Kiingereza, kwamba mtu alitoka kwa mlango wa nyuma saa 9 usiku, akiwa na katoni. Mstari mmoja tu. Ukurasa ule ukapelekwa ofisini, na ofisini wakatazama orodha ya wafanyakazi. Wakaona kwamba dereva wa foklifti, Mganda mmoja wa makamo, humaliza kazi saa 9 ya Kizungu, yaani saa tatu za usiku kwa hesabu yetu, na kwamba mlango wake wa kutokea ni huo huo wa nyuma. Kabla ya adhuhuri dereva yule alikuwa amekwisha kunyang'anywa kitambulisho cha kuingilia kazini na kurudishwa kambini. Hakuna aliyemwita kumuuliza neno. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na katika kikao cha siku ile yeye hakuwapo.

Alikaa kambini siku 11 bila mshahara. Kwa mtu aliye ugenini, ambaye kibali chake cha kuishi kimefungamana na kazi yake, siku 11 si jambo dogo. Wenzake walianza kufunga masanduku yao kwa kufuli alipokuwa akiingia chumbani, na mkewe huko Jinja alikwisha kupata habari kwa simu, na habari aliyopata ni kwamba mumewe ameiba.

Siku ya 12 jalada lilifika kwenye meza ya mzee mmoja wa idara ya utumishi, Mwomani aliyezaliwa Unguja. Aliusoma ule mstari mara mbili, kisha akamwita mlinzi.

"Kijana wangu," akamuuliza kwa Kiswahili, "hii saa tisa uliyoiandika ni saa tisa ya wapi? Ya Kizungu au ya kwetu?"

"Ya kwetu, Mzee," akajibu yule kijana. "Usiku wa manane ulikuwa umekwisha kupita."

Saa tisa za usiku kwa hesabu yetu ni saa 03:00. Saa hiyo dereva wa foklifti alikuwa amelala kambini, na daftari la lango la kambi lilionyesha hivyo, saa aliyoingia na sahihi yake. Daftari lile lilikuwapo siku zote 11. Hakuna aliyekwenda kulitazama.

Sasa, wapenzi wasikilizaji, ni rahisi kumlaumu kijana wa Mombasa. Lakini chini ya ukurasa ule palikuwa na sahihi ya pili, nayo ilikuwa yangu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Saa hiyo ya kuhesabu kuanzia machweo na mapambazuko ndiyo niliyofundishwa nikiwa mtoto, na bado niliisoma ile tisa kwa jicho la ofisi, nikatia sahihi, nikaenda kunywa chai. Nilikuwa mtu pekee katika mlolongo ule wote ambaye angeweza kuuliza swali la yule mzee asubuhi ya kwanza.

Tangu hapo sikumruhusu mlinzi yeyote wangu kuandika saa kwa namna nyingine isipokuwa tarakimu nne: 03:00, 21:00, 14:35. Anayezungumza Kiswahili na kuandika Kiingereza au Kiarabu ana mitego yake maalumu, na huu wa saa ni mmoja tu. Mwingine ni wa siku. Kwetu pwani, mtu akisema usiku wa Ijumaa huenda ana maana ya usiku ule ambao Kiingereza huuita wa Alhamisi, kwa sababu siku kwake huanza jua linapozama. Taarifa ikifasiriwa vibaya hapo, tukio zima linahamia usiku mwingine, kwa walinzi wengine. Andika tarehe mbili: usiku wa kati ya tarehe fulani na tarehe fulani. Mtego wa tatu ni neno "yeye". Kiswahili hakibagui mwanamume na mwanamke katika neno hilo, na mwandishi aliyechoka, akifasiri kichwani mwake saa kumi za alfajiri, humwandika mwanamke kwa kiwakilishi cha kiume. Nimeona taarifa ambayo mtu mmoja aliyeonekana kwenye ngazi alikuwa mwanamume katika aya ya kwanza na mwanamke katika aya ya pili. Aliyeisoma aliamua kuwa walikuwa watu wawili, akaanza kumtafuta wa pili.

Turudi kwa kijana wetu, maana kisa chake hakijaisha. Mzee yule hakuishia kwenye saa. Alimwambia aeleze alichokiona tangu mwanzo, bila kutazama daftari. Ikadhihirika kwamba alimwona mtu kwa mgongo, umbali wa hatua kama 40, taa ikiwa mbele ya mtu yule na si nyuma yake. Alikuwa amevaa fulana ya kung'aa kama wanayovaa wafanyakazi wote, na kwapani alikuwa na kitu cha pembe nne. Hakumsimamisha kwa sababu alidhani ni mtu wa zamu. Na lile neno "katoni"? Hilo aliliongeza asubuhi, kwa kalamu ile ile, baada ya kusikia kwamba katoni zimepotea. Hakukusudia kudanganya. Akili ya binadamu ndivyo ilivyo: ikishapata jibu, hurudi nyuma na kulipaka jibu hilo juu ya kumbukumbu. Ndiyo maana taarifa huandikwa papo hapo, na kinachoongezwa baadaye huongezwa chini, na saa yake ya kuongezwa ikatajwa.

Kuna shauri moja la Marekani ambalo nilipenda kuwasimulia walinzi wapya, kwa sababu linahusu jambo dogo mno: kuku wa dola moja. Mwaka 1972, katika jimbo la Texas, mwanamke mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye kaunta ya chakula ya duka la kampuni ya J. Weingarten alishtakiwa kwa mkubwa wake kwamba alichukua boksi la kuku la dola 2.98 akaweka dola moja tu katika mashine ya fedha. Aliyemshtaki alikuwa mfanyakazi mwenzake. Mpelelezi wa kampuni alikuwa amemchunguza kwa siri kwa siku mbili na hakuona kosa lolote, hata hivyo akaitwa na kuhojiwa. Aliomba mara kadhaa aletewe mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, akakataliwa. Maelezo yake yalikuwa mafupi: alinunua kuku wa dola moja, lakini maboksi madogo yalikuwa yamekwisha, akatia kuku wake katika boksi kubwa. Mpelelezi akaenda kuuliza. Ni kweli, maboksi madogo yalikuwa yamekwisha. Na yule mshtaki, alipoulizwa ni vipande vingapi vilivyokuwamo ndani ya boksi, hakujua.

Tazameni basi. Mshtaki aliona boksi kubwa, na aliona dola moja. Yote mawili yalikuwa kweli. Wizi hakuuona, wizi aliuunganisha mwenyewe kichwani kutokana na vitu viwili vya kweli. Shauri lile lilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwezi Februari 1975 mahakama ikaamua kwamba mfanyakazi aliye chini ya chama cha wafanyakazi ana haki ya kuomba mwakilishi wake awepo katika mahojiano ambayo anaona, kwa sababu za msingi, yanaweza kumletea adhabu. Wale mlioko Marekani mkiwa chini ya chama, haki hiyo mnayo hadi leo, lakini ni lazima muiombe. Mwajiri halazimiki kuwakumbusha.

Kwa hiyo katika taarifa nzuri msomaji anaweza kutenga vitu vitatu bila kumpigia simu mwandishi: nilichokiona kwa macho yangu, nilichoambiwa na nani, na ninachodhani. Wako wakuu wanaosema kwamba dhana isiandikwe kabisa. Mimi sikubaliani nao. Mlinzi aliyesimama mahali pamoja kwa miaka mitatu ana hisia ambazo kamera haina, na dhana yake yaweza kumfikisha mchunguzi mahali pa maana. Ila iandikwe mwishoni, peke yake, ikiitwa kwa jina lake: ninadhani.

Kuhusu kamera, nitasema machache. Watu huziamini kupita kiasi. Jambo la kwanza mchunguzi afanye kabla ya kutazama picha ni kulinganisha saa ya kamera na saa iliyo sahihi, na kuandika tofauti yake kwa dakika. Nimekuta kamera iliyokuwa nyuma kwa saa nzima kwa sababu hakuna aliyeirekebisha Uingereza ilipobadilisha saa zake mwezi Machi. La pili ni kuhifadhi nakala mapema, kwani mitambo mingi hufuta picha za zamani yenyewe ili kupata nafasi ya mpya. Na kitu chochote kinachookotwa, iwe ufunguo au kipande cha karatasi, kiandikiwe nani alikiokota, wapi, saa ngapi, na nani alikipokea kutoka kwake, hadi kinapofika kabatini au mikononi mwa polisi.

Lakini hata anayetimiza hayo yote anaweza kuzidiwa na jambo moja, nalo ni uchunguzi ulioanza ukiwa tayari na jibu. Kwa hili nchi ya Uingereza ina mfano ambao haujapata kifani katika historia yake ya karibuni. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 waliokuwa wakiendesha au kuhudumia ofisi ndogo za posta walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au kuandika hesabu za uongo, kwa kutegemea takwimu za mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Kiasi cha 700 kati yao walishtakiwa na shirika la posta lenyewe. Tafakarini maana yake: shirika lililodai kuibiwa ndilo lililopeleleza, ndilo lililoamua kuwa pana kesi, na ndilo lililopeleka kesi hiyo mahakamani.

Jo Hamilton alikuwa na duka na ofisi ya posta katika kijiji cha South Warnborough, mkoani Hampshire. Siku moja kompyuta ilimwonyesha upungufu wa pauni zipatazo 2,000. Akapiga simu kwenye dawati la msaada, akafuata maelekezo aliyopewa, na upungufu ukawa maradufu mbele ya macho yake. Hesabu ile ilipofikia pauni 36,000 hivi, alishtakiwa kwa wizi. Hatimaye alikubali kosa la kuandika hesabu za uongo ili shtaka la wizi liondolewe na asifungwe. Na sasa sikilizeni jambo ambalo mimi, kama mtu aliyeandika taarifa kwa miaka mingi, siwezi kulisahau. Mpelelezi wa shirika lile lile alikuwa ameandika katika taarifa yake ya ndani kwamba, baada ya kuchambua karatasi za kompyuta na hesabu, hakuweza kupata ushahidi wowote wa wizi. Aliandika hivyo, kwa maandishi, kabla ya mashtaka. Jambo hilo lilielezwa katika hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya mwezi Aprili 2021, iliyofuta hatia yake na za wenzake, jumla yao 39. Taarifa ilisema ukweli, na waliokuwa juu yake wakaendelea kana kwamba haikuandikwa.

Wengi wa washtakiwa wale wameeleza kwamba waliambiwa wakati wa kuhojiwa, "Ni wewe peke yako mwenye tatizo hili." Hawakuwa peke yao. Kila mchunguzi alikuwa na jalada moja mezani, na hakuna aliyeyaweka majalada yote pamoja na kuuliza mbona watu wengi hivi, wasiofahamiana, waliokuwa waaminifu maisha yao yote, wamegeuka wezi tangu kompyuta ilipoletwa. Mwezi Desemba 2019 Mahakama Kuu mjini London iliamua kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu usiokuwapo. Mwezi Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hatia kwa mkupuo. Na mwezi Julai 2025 sehemu ya kwanza ya ripoti ya tume ya uchunguzi, inayoongozwa na Sir Wyn Williams, ilieleza kuwa huenda watu wasiopungua 13 walijiua kutokana na mambo hayo.

Kuna jambo jingine lililofichuliwa mwezi Mei 2023 katika sakata hilo, nalo linatugusa sisi moja kwa moja. Katika mwongozo waliopewa wapelelezi wa shirika hilo kujazia fomu zao, watuhumiwa waligawanywa kwa alama za asili, na miongoni mwa majina yaliyotumiwa kwa watu weusi lilikuwamo neno la enzi za ukoloni ambalo sitalitamka hewani. Shirika liliomba radhi. Nilipoisoma habari ile nilikumbuka mara ngapi nilipokea taarifa, zilizoandikwa na Waafrika wenzangu, zenye maneno kama "Mhindi mmoja", "Msomali mmoja", basi. Hilo si wasifu. Wasifu ni urefu ukilinganishwa na mlango au ukuta, ni nguo kuanzia kichwani hadi miguuni, ni namna ya kutembea, ni mkono uliobeba kitu, kulia au kushoto. Katika ghala lenye Wahindi 60, kuandika "Mhindi mmoja" ni kuwatuhumu watu 60.

Huenda baadhi yenu hamwandiki taarifa bali ndinyi mnaohoji. Anza kwa swali pana: "Nieleze zamu yako tangu ulipoingia." Usimuulize mtu, "Ulitoka na katoni ngapi?" kwa maana swali hilo limekwisha kumhukumu. Andika maneno yake kama alivyoyasema, msomee kwa lugha anayoielewa, mpe kalamu arekebishe, ndipo atie sahihi kila ukurasa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 41, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kufikiria kumwachisha kazi, na mfanyakazi aruhusiwe kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Nchini Tanzania kanuni za utendaji bora za mwaka huo huo wa 2007 zinataka uchunguzi ufanyike kwanza, ili ijulikane kama pana msingi wa kuitisha kikao cha nidhamu. Nchini Uingereza tangu shauri la British Home Stores na Burchell la mwaka 1978 mahakama za kazi huuliza maswali matatu: mwajiri aliamini kweli kwamba kosa limetendwa? Alikuwa na sababu za msingi za kuamini hivyo? Na alifanya uchunguzi wa kutosha kabla ya kuamini? Ghala letu la Muscat lingeshinda katika swali la kwanza na kuanguka katika mawili yaliyobaki.

Dereva wa foklifti alirudishwa kazini na kulipwa zile siku 11. Aliyechukua simu alitafutwa na polisi, nami sikuambiwa mwisho wake. Siku dereva aliporudi nilikwenda kwa yule mzee wa Unguja nikamwomba aitoe ile taarifa ya kwanza jaladani, kwa kuwa niliona haya kwa sahihi yangu na nilitaka kumsafishia yule bwana jina. Mzee akanikatalia.

"La, bwana," akasema. "Nikiitoa, kesho nitatoa na nyingine. Andika ya pili, ueleze ya kwanza imekosea wapi na nani aliyekosea, utie tarehe ya leo."

Nikakaa pale pale mezani kwake nikaandika. Ilinichukua muda wa kurasa mbili, na mstari wa kwanza niliuandika kwa tarakimu nne. Kisha nilikwenda kambini, nikamkuta dereva akitandika kitanda chake, nikampa nakala. Aliisoma yote akiwa amesimama, akaikunja, akaniomba nimpigie mkewe simu, nimsomee mimi mwenyewe.